Kikombe Kisicho na Jina

Chururu. Kimya. Chu... chururu. Kimya tena, safari hii kirefu.

Nilikuwa bado kitandani, dirisha limefungwa, na sauti ilitoka nyuma ya nyumba, kwenye majani makavu ya migomba. Kisha nikasikia mwanamume akigombana na mtu.

"Toka basi, mpumbavu wewe! Unamsubiri nani?"

Nikajua ni Tata, na huyo aliyegombana naye hakuwa mtu. Nilifungua dirisha. Baba yangu, Anatory Rugaibula, alikuwa amesimama kati ya migomba miwili, mkono mmoja kwenye shina, ametazama juu kama anayesubiri mvua.

"Funga dirisha," alisema bila kugeuka. "Ama njoo usaidie."

Hapa kijijini kwetu Kishanda baba yangu anajulikana kwa ulimi. Kwanza ni ulimi wa kuonja: kabla ya kustaafu alikuwa mwonjaji wa kahawa kiwandani Bukoba, yule anayefyonza kijiko kwa kelele, anatema, halafu anakwambia kahawa hii ilianikwa chini badala ya kwenye kichanja. Pili ni ulimi wa kujisifu. Sisi Wahaya tuna jambo letu, kwebuga. Mwanamume husimama mbele ya watu, ananyanyua fimbo mahali pa mkuki wa babu zake, anazimwaga sifa zake kwa mapigo, na akifika mwisho humwelekea mtu mmoja na kumwapia jambo. Zamani aliyeapiwa alikuwa mfalme. Siku hizi ni baba mkwe, au mwenyekiti wa kamati ya harusi.

Mimi Avit, mwanawe, natunga mashairi kwa Kiswahili. Hakuna aliyenifundisha na sina haja ya kumshukuru mtu. Tata husema mashairi yangu yana vina lakini hayana mgongo. Husema hivyo kwa sababu ananionea wivu.

Mama ndiye aliyemkokota hospitali. "Unatoka na kurudi kama kuku anayetafuta pa kutagia," alimwambia, "nami nalala na shuka peke yangu. Kesho tunakwenda kwa Kamala."

Dokta Kamala ni baba yetu mdogo, mtu wa kwanza wa ukoo wetu kuwa daktari. Alipofaulu, ng'ombe alichinjwa. Kamala akisema watoto wa ukoo wasome sayansi, hata aliyezaliwa na sauti ya ualimu wa dini husoma sayansi. Alimpima Tata kwa kidole, jambo ambalo Tata amekataza lisitajwe nyumbani, akampima damu, kisha akamchukua vinyama kutoka kwenye tezi dume na kuvipeleka maabara. Majibu yaliporudi alituita ofisini kwake.

"Kaka, ni saratani," alisema. "Imo ndani ya tezi, haijatoka. Tuiondoe tezi yote mwezi ujao, tumalize."

Akatueleza na yanayoweza kufuata. Mkojo huenda ukavuja, kwa muda au kwa muda mrefu. Na yale mambo ya mume na mke huenda yasiwe kama zamani. Mama alitazama dirisha. Tata alitazama viatu vyake.

"Kamala amesema," Tata alisema. Akasimama, akavaa kofia, na ndiyo ikawa imekwisha.

Ila haikwisha. Dada yangu Agnetha, mwenye duka la vitambaa Miembeni, alikuwa anaolewa miezi michache mbele, na Tata alikuwa ameanza kujinoa kwa ajili ya siku hiyo. Kila jioni kibanja kizima, shamba letu la migomba na kahawa, kilimsikia akijisifu mbele ya mbuzi. Baada ya ofisi ya Kamala mbuzi walikula kimya kimya. Nilipomuuliza, alijibu huku akimenya ndizi:

"Mtu anayevuja hasimami mbele ya wakwe."

Nilikasirika. Nisikilizwe vizuri: sikumkasirikia Kamala kwa kutaka kukata. Labda ilibidi kukata. Nilikasirika kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza swali. Kwetu mtu hununua mbuzi baada ya kuuliza watu wanne, na mbuzi mwenyewe anafunguliwa mdomo. Lakini kisu kinaelekea kwa baba yangu, na watu wazima wanavaa kofia!

"Tutafute maoni ya daktari wa pili," nikasema.

"Unataka kumwambia Kamala ni mwongo?"

"Nataka kusikia mtu mwingine akisema hivyo hivyo. Akisema, nitakubebea begi mimi mwenyewe mpaka chumba cha upasuaji."

Alikubali ili nimwache apumue. Nikauliza mjini, nikapata jina: Dokta Lwakatare, kijana, msomi, ana kliniki yake safi yenye viti vya kuzunguka. Tulimpa majibu ya maabara. Aliyasoma akitikisa kichwa taratibu kama bingwa, hadi alipofika kwenye sahihi ya chini. Ghafla akakaa wima.

"Mzee Kamala ndiye aliyewaona?"

"Ndiye," nikasema.

"Ameshauri nini?"

"Tumekuja kwako utushauri wewe."

"Ndiyo, ndiyo. Ila yeye amesemaje?"

"Kuondoa tezi yote," Tata akajibu.

Dokta Lwakatare aliyakunja majibu, akamrudishia Tata kwa mikono miwili. "Mzee akishasema, amesema. Unajua yeye ndiye aliyenisomesha? Ada yangu yote, kuanzia kidato cha kwanza. Na ndiye baba yangu wa ubatizo. Mfikishieni salamu zangu, waitu," akamalizia kwa neno letu la heshima.

Nje, Tata alifurahi kama aliyeshinda kesi. "Umeona? Madaktari wawili."

"Huyo si wa pili, Tata. Huyo ni wa kwanza amevaa miwani."

"Unadharau watu waliosoma."

"Hakugusa chochote! Hakukupima, hakutazama vinyama. Amesoma sahihi tu!"

Tulibishana hadi Miembeni, watu wakitupisha njia. Agnetha alitukaribisha kwenye chumba cha nyuma ya duka, akatuletea kahawa, akamwona Tata alivyonuna na mimi nilivyovimba, akasema, "Haya, mmoja mmoja. Nina mteja."

Nikaeleza. Agnetha alisikiliza akipima kitambaa kwa mikono, kisha akamgeukia baba yake kwa upole ule ambao mimi sina.

"Tata, pale kiwandani, vikombe mlivyokuwa mnaonja viliandikwa jina la mkulima?"

"Jina?" Tata alishtuka kama ametukanwa. "Kikombe kina namba tu! Jina la nini?"

"Mkijua jina kuna ubaya gani?"

"Mwanangu, ulimi una ukoo. Ukijua ni kahawa ya mjomba wako, unaonja utamu ambao haumo. Ukijua ni ya mtu aliyekunyima shamba, unaonja ukungu. Siku moja tulipewa kahawa nikaitema, nikaandika mbovu kabisa. Kumbe ni yangu mimi! Ya kibanja changu mwenyewe! Ningeliona jina..."

 Kikombe kilikuwa njiani kuelekea mdomoni, kikasimama hapo hapo hewani.

Agnetha alirudi kwa mteja wake. Mimi nilibana midomo, na wanaonijua wanajua hiyo ilikuwa kazi nzito kuliko kubeba gunia.

"Lwakatare ameonja jina," Tata alisema hatimaye.

"Ameonja jina," nikasema.

"Na mimi pia." Akaweka kikombe chini. "Vile vinyama vyangu viko wapi sasa hivi?"

Vilikuwa maabara, vimehifadhiwa ndani ya nta, na ili vitoke ilibidi Kamala mwenyewe atie sahihi. Tata akasema hawezi kumkabili mdogo wake kwa jambo hilo. Nikasema nitamkabili mimi. Njia nzima nilitunga shairi la kumpasulia mlango. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa moto, ninaukumbuka mpaka leo:

*Daktari si mtemi, ofisi si ikulu,*
*Nasi si wako umati, tuambulie kululu,*
*Baba si mti wa shamba, ung'olewe kwa sululu...*

Sikupata nafasi ya kuusoma. Nilisema sentensi moja tu, kwamba tunaomba vinyama vitazamwe na mtu mwingine, asiyetujua, na Dokta Kamala akaweka kalamu chini, akajifuta uso.

"Hatimaye," alisema.

"Hatimaye nini, baba mdogo?"

"Kaa. Tangu nilipopata shahada, hakuna mtu wa ukoo huu aliyewahi kuniuliza, 'Una hakika?' Hata mmoja. Wagonjwa wengine wote huwaambia waende wakapate maoni kwingine, na huenda. Nyinyi nikitaka kuwaambia hivyo, mnakuwa mmeshavaa kofia." Alianza kuandika. "Majibu ya baba yako yako mpakani, Avit. Si ya upole, si ya ukali. Nilichagua kukata kwa sababu ni kaka yangu, na mtu akimtibu kaka yake mkono unakuwa mwepesi kushika kisu. Yupo bingwa wa njia ya mkojo anayekuja hapa mjini, Dokta Joyness. Kwao ni Mbeya. Hamjui mtu yeyote Kagera, hata mimi ananisalimia kwa shida."

Akatia sahihi. Shairi langu lilibaki mfukoni, nalo ni zuri, siku moja nitampata mtu anayestahili kusomewa.

Dokta Joyness alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikika ukumbini. Alimpima Tata upya kuanzia mwanzo. Kwa kidole pia. Tata alitoka nyuma ya pazia akiwa ameshika kofia kifuani.

"Mzee, hebu tutenganishe mambo mawili," alisema. "Huko kukatika mkojo kunatokana na tezi kuvimba kwa sababu ya umri. Nitakupa vidonge vya kulegeza njia. Saratani ni jambo lingine, na ni ndogo. Hivyo vinyama nimeviondolea jina, vinakwenda na namba kwa mtaalamu mwenzangu avitazame upya kwa darubini."

Mtaalamu wa namba alivitazama. Akavipa ukali mdogo kidogo kuliko ule wa maabara ya kwanza, lakini bado mpakani. Ndipo Dokta Joyness akatueleza juu ya kipimo kingine, cha vinasaba vya uvimbe wenyewe. Hakifanyiki hapa, kipande kingesafirishwa nje ya nchi.

"Darubini inatuonyesha sura ya saratani," alisema. "Kuna saratani mbili zinaweza kufanana sura kama mapacha, moja ikalala miaka na miaka, nyingine ikatoka mbio. Hiki kipimo kinasoma vinasaba vilivyo ndani ya uvimbe, vipi vinafanya kazi na vipi vimelala, tukadirie tabia yake. Si utabiri, ni makadirio. Lakini ni bora kuliko kubahatisha."

Tata alikuwa amesogea mbele kwenye kiti. "Kwa hiyo darubini ni macho," alisema, "na hicho kipimo ni ulimi."

"Eeh?"

"Kahawa mbichi, dokta. Punje nzuri na punje mbaya zinaweza kufanana kwa macho. Mpaka uonje."

Dokta Joyness alifikiri. "Mzee, hilo nitalitumia kwa wagonjwa wengine."

"Litumie. Ila uwaambie ni la Rugaibula."

Ukoo ulichangishana, kahawa ya msimu ikauzwa mapema, na kipande cha baba yangu kikaondoka. Ule upasuaji ukaahirishwa. Tulisubiri. Tata alimeza vidonge na kujifanya hasubiri. Mama hakujifanya. Alikuwa anaacha kupalilia katikati ya mstari, anasimama na jembe, anamtazama mumewe anavyotembea, kama anayetafuta mahali kitu kile kilipojificha.

Majibu yalikuja wakati wa mvua za vuli, senene wakianza kuruka. Dokta Joyness alituita wote, na Dokta Kamala akaja pia, akakaa nyuma kama ndugu wa mgonjwa, hata kalamu hakutoa.

"Tabia yake ni ya upole," Dokta Joyness alisema. "Kwa majibu haya, sishauri kukata sasa. Nashauri tumfuatilie kwa karibu. Damu kila baada ya miezi sita, picha, na baada ya mwaka tuchukue vinyama tena. Ikibadilika tabia tutaingilia, na tutakuwa hatujachelewa. Lakini hayo ni kwa mtu anayekuja kupimwa. Asiyekuja, mimi ningemkata leo."

Nilitaka kupiga kelele za furaha. Mama akanitangulia.

"Yaani tunarudi nayo nyumbani?"

"Immakulata," Tata akaanza.

"Usiniite. Dokta, samahani, mimi sikusoma. Wewe unaniambia mume wangu ana saratani, nami nimpikie ndizi, nimpe, nilale naye, na saratani imelala katikati yetu, tunaisikiliza kama itaamka?"

"Mama," nikasema, "tumekueleza, ni kama kahawa..."

"Kahawa mbovu unaitema, unachukua kikombe kingine! Mimi kikombe kingine sina!" Aligeuka kwa mumewe. "Wewe usiyekwenda hospitali mpaka nikukokote! Wewe uliyeng'oa jino kwa koleo la baiskeli! Ndiye wa kufuatiliwa wewe? Kata, uvuje, nitafua. Mashuka nimefua ya watoto wanane. Nitafua na yako, lakini uwepo."

 Dokta Joyness hakumharakisha. Alisema, "Mama ana haki. Uamuzi ni wa mzee, lakini wanaoishi nao ni wawili. Nendeni mkazungumze."

Walizungumza wiki nzima, maana yake Mama alizungumza. Kamala alikuja Kishanda, akala, akamwambia shemeji yake kwamba na yeye sasa anakubaliana na yule mwanamke wa Mbeya. Mama akamjibu, "Wewe ulisema kata, leo unasema usikate. Kesho utasemaje?"

"Kesho nitasema nilichoona kesho, shemeji. Ndiyo maana ya kufuatilia."

"Namjua huyu, Kamala. Vidonge vikimpa nafuu, atasahau njia ya hospitali."

Na vidonge vilikuwa vimempa nafuu. Asubuhi ya harusi niliamshwa na ile sauti nyuma ya nyumba, safari hii ndefu, moja, isiyokatika, kama mtu anayemwagilia bustani, na juu yake Tata anapiga mluzi. Chumba cha pili nikamsikia Mama akisema peke yake, "Ndicho hicho ninachokiogopa."

Mchana ua ulijaa. Wakwe waliketi upande wa turubai la bluu, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka, kahawa ya kutafuna ikapitishwa kwenye vikapu vidogo, Agnetha akametameta ndani ya kitambaa alichojichagulia dukani kwake. Mshereheshaji akatangaza baba wa bibi harusi. Tata alisimama. Alichukua fimbo yake, akaitikisa mara moja, na watu waliokuwa wanaongea wakaacha. Alianza kwa Kihaya, kisha, kwa kuwa nusu ya wakwe walitoka Mwanza, akaendelea kwa Kiswahili. Wala sikujua kuwa alikuwa amenisikiliza miaka yote hiyo ninapotunga, hadi nilipoyasikia mapigo.

"Mimi Mtema-Vikombe, niliyeonja kahawa ya matajiri nikaitema!
Nikaonja na yangu, nikaitema pia!
Mimi Rugaibula, walinionyesha kisu nikauliza, kimenolewa na nani?
Nimepimwa mahali ambapo jua halijawahi kufika!"

Wanaume wakaangua kicheko. Dokta Lwakatare, aliyekuja na zawadi kubwa kuliko wote, alikohoa ndani ya bilauri.

"Kijinyama changu kimepanda ndege, mimi mwenyewe sijapanda!
Kimevuka bahari bila jina, kimerudi na habari zangu!
Nina adui amelala ndani, namjua alipo,
Simkimbii, simwamshi, namlinda mchana na usiku!"

Vicheko vilipungua. Sasa watu walikuwa wanaelewa wanachoambiwa. Wanaume wa umri wake walikuwa wametulia, wametazama chini, na mzee Onesphory, jirani yetu, alishika mapaja yake mwenyewe kama aliyekumbuka jambo.

Ilibaki sehemu ya mwisho, ya kuapa. Baba mkwe alijiweka sawa kwenye kiti, akajiandaa kuapiwa. Ndiyo desturi. Lakini Tata alimpita. Akampita mwenyekiti wa kamati, akampita Kamala aliyekuwa amenyanyuka nusu, akaenda hadi pale Mama alipokuwa amesimama na wanawake wa jikoni, taulo begani, mwiko mkononi.

Akaelekeza fimbo chini mbele ya miguu yake. Sauti yake ya kwebuga ilimwishia, ikabaki ile ya nyumbani.

"Immakulata, binti wa Kyaruzi. Nasema mbele ya wakwe, mbele ya Kamala, mbele ya mbuzi wote walionisikia. Siku ya kupimwa ikifika, utanikuta mlangoni nimeshavaa kofia, nakusubiri wewe. Na siku dokta akisema sasa kata, nitajilaza mezani bila kumuuliza mtu ila wewe."

Mama alimtazama, mwiko ukidondosha mchuzi kwenye kiatu chake.

"Rudia," alisema. "Huku nyuma hawakusikia."

Tata akanyoosha mgongo, akarudia kwa sauti.